Mlisema nilete barua: juu ya sinema ya Majestic, Vuga

Kwa Waheshimiwa wote wenye kauli juu ya majengo ya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar,

Assalaam alaykum.

Mara ya kwanza nilikuja mwenyewe, kwa miguu, na swali dogo tu. Kijana niliyemkuta mezani alinisikiliza kwa adabu, akanivutia kiti, kisha akaniambia: "Bibi, jambo kama hili linataka barua." Nikenda nyumbani nikaandika barua. Mara ya pili nikaambiwa barua imefika ila mwenye faili hayupo. Mara ya tatu mwenye faili yupo, barua haionekani. Sina ugomvi na yule kijana, na ofisi yenyewe siitaji, kwani ofisi za mji huu nimezizoea na zenyewe zimenizoea. Lakini nina miaka 65 na magoti yangu yana miaka zaidi ya hiyo. Basi barua mliyoniambia nilete ndiyo hii, na safari hii nawasomea watu wote, ili ikipotea ipotee mbele ya mashahidi.

Swali langu lilikuwa hili: mkiieleza historia ya Majestic, mnaanzia kwa nani?

Yale tunayoyajua sote nayapitia haraka. Pale Barabara ya Vuga, kabla ya jengo hili, palikuwa na sinema nyengine, Royal, ya miaka ya 1920. Mwenyewe alikuwa Hassanali Adamji Jariwalla, na mchoro ulikuwa wa J. H. Sinclair, yule Mwingereza wa serikali aliyetuachia pia Beit el Amani pale Mnazi Mmoja. Mwaka 1953 Royal ikaungua moto. Mwaka 1955 likasimama hili tunaloliona leo, kazi ya msanifu Dayaliji Pitamber Sachania, kwa ule mtindo wa Art Deco uliokuwa ukipendwa dunia nzima kwa sinema, jengo lisilofanana hata kidogo na milango ya nakshi na varanda za jirani zake. Yakaja Mapinduzi ya 1964, sinema zikawa mali ya serikali. Empire ilikuwa Darajani, Sultana ilikuwa Malindi, nayo ikabadilishwa jina ikaitwa Cine Afrique. Tatu kwa mji mdogo kama huu! Leo mtu akikwambia "tuonane Empire", anataka mkutane dukani.

Hayo yameandikwa, na ni ya kweli. Kila anayeyasimulia huanza na aliyekuwa na fedha, akaja kwa aliyechora, akaja kwa moto, akaja kwa serikali. Mimi naanza na mama yangu, aliyekuwa fundi charahani Kikwajuni, na hakuwa na fedha wala hakuchora jengo. Alichochora ni mikono ya blauzi.

Niwaeleze. Ilikuwapo siku ya wanawake. Onyesho la mchana, milango ikifunguliwa baada ya sala, na mwanamme haingii. Siku hiyo Kikwajuni ilianza kunukia tangu asubuhi. Maji yalipashwa, udi ukatiwa chetezoni, asumini ikatungwa, watoto wakakogeshwa kwa nguvu. Mama alifunga charahani yake kwa kitambaa cheupe, na hiyo ndiyo ilikuwa tangazo: wateja walijua kwamba leo fundi hayupo, na wengi wao wenyewe hawakuwapo. Tulikuwa tukitoka kwa makundi, mabuibui meusi matupu, tukakata Mnazi Mmoja kwa miguu mpaka Vuga. Mimi nilishika ncha ya buibui la mama kwa sababu kwa nyuma wote walifanana, na mara moja niliwahi kumfuata mama wa watu mpaka kwenye kidirisha cha tiketi.

Foleni ilifika barabarani. Mnaikumbuka Unguja ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, foleni ya mchele, foleni ya sukari, foleni ya sabuni. Hii ndiyo foleni pekee niliyowahi kuona watu wakicheka ndani yake. Na walanguzi walikuwapo, vijana waliozinunua tiketi mapema wakaziuza kwa bei ya juu, na kina mama waliwatukana kwa matusi ya kistaarabu kabisa kisha wakawalipa.

Ndani sasa. Taa zikizimwa, mabuibui yalishuka mabegani, na chini yake yalionekana magauni ambayo mtaani hakuna jicho lililowahi kuyaona. Ukumbi mzima ulinuka asumini na njugu za kukaanga. Hakuna aliyekaa kimya. Wimbo ukianza, nusu ya ukumbi iliuimba, Kihindi cha Kikwajuni, maneno hayaeleweki lakini sauti imepatikana barabara. Palikuwa na mmoja, jirani wa Wahindi tangu utotoni, aliyekijua Kihindi kweli. Huyo alikaa katikati kila mara, na kila baada ya maneno mawili matatu unasikia safu nzima: "Kasemaje? Kasemaje?" Naye akieleza kwa sauti. Akikasirishwa, ananyamaza, na tulikuwa tukimbembeleza kwa kashata.

Mama alikuwa na kipande cha penseli na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile yenye ung'aavu upande mmoja. Stelingi wa kike akitokea na nguo mpya, mama anachora gizani, bila kutazama mkono wake. Intavali ikifika, taa zikiwashwa, anakichunguza alichochora, anacheka, anasahihisha kabla hajasahau. Wiki ile yote wateja wangekuja na neno moja: "Nataka mkono ule wa Nargis." Hawakuhitaji kueleza zaidi, kwani fundi na mteja walikuwa wamekaa ukumbi mmoja. Hizo karatasi ninazo. Ziko kumi na nne, zimefifia, nyengine zimeliwa na mende. Ukizitazama kwa mwanga wa pembeni, penseli bado inaonekana.

Mnaponiuliza ushahidi wa historia, mimi ninao huo.

Nasema neno juu ya Nargis, kwa sababu vijana wa ofisini hawamjui. Alicheza na Raj Kapoor katika *Awaara*, picha ya mwaka 1951. Ilikuwa imeshaonyeshwa mjini kwetu sijui mara ngapi kabla mimi sijaiona, na bado watu walijaa. Ndani yake yumo hakimu anayemfukuza mke wake mjamzito kwa kumdhania mabaya, na mtoto akakulia mitaani akawa mwizi. Naam, pana mapenzi na nyimbo, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani hakuna aliyezungumza mapenzi. Walimzungumza hakimu. Je, ana haki? Mama yake mume alikuwa wapi? Mwanamke angefanyaje? Tulifika Mnazi Mmoja hukumu haijapatikana, tukasimama kwenye kivuli, kina mama wakatoa kesi zao wenyewe, kwa mafumbo, kwa sababu watoto tupo. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa na talaka mbili, alisema: "Huyo Mhindi alifukuzwa mara moja tu, kisha ikatengenezwa picha. Mie ningetengenezewa mbili." Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja, sikuelewa kitu, lakini sentensi ile sijaisahau, na nilipokuja kuielewa nilikuwa mtu mzima mwenye kesi zangu.

Sitaki kupamba. Viti vya Majestic viligawanywa kwa bei, na bei ilijua kazi yake. Waliokaa juu walikaa juu, na sisi wa mbele tulitazama kwa shingo zilizopinda. Lakini aliyekuwa na fedha ya kiti aliketi, hakuulizwa kabila lake wala ngozi yake, na katika mji ule wa wakati wa mkoloni hilo si jambo dogo, kama walivyotusimulia waliotutangulia. Wanaume nao walikuwa na hadithi zao, watazieleza wenyewe. Wanaume wa mji huu hawajawahi kukosa baraza.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Mwanamme alikuwa na baraza, kahawa, msikiti, dhumna, mpira, Forodhani usiku. Mwanamke wa Kikwajuni alikuwa na harusi, matanga na siku ya wanawake Majestic. Harusi na matanga huendi kwa kutaka. Majestic ulikwenda kwa sababu umependa.

Watu husema televisheni ndiyo iliyoiua sinema. Yamkini. Televisheni Zanzibar ilianza mapema miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati wenzetu wa Bara hawana hata ya nyeusi na nyeupe, na tulijivuna sana. Baadaye zikaja video, mikanda ya kukodi, kila mtaa na banda lake. Lakini nilivyoona mimi, kwa wanawake sinema ilikufa kabla ya hapo, na hakuna aliyeandika. Picha zikawa za karate na za bunduki, ukumbi ukawa wa vijana wa kiume, na siku ya wanawake haikufutwa kwa tangazo lolote. Ilikauka tu. Wiki hii haipo, wiki ijayo labda, kisha mama akaacha kufunga charahani yake kwa kitambaa. Aliposikia miaka mingi baadaye kwamba Majestic haionyeshi tena, alisema, "Kwani ilikuwa bado inaonyesha?"

(Nyimbo hazikukauka, hilo niseme. Sauti nyingi za picha za Kihindi zilivalishwa maneno ya Kiswahili zikawa taarabu, na leo kwenye harusi utaona mabibi wawili watatu wanatabasamu peke yao pahala ambapo wengine wanatunza tu. Wanajua sauti ile ilikotoka.)

Kwa nini naandika sasa, na si miaka kumi iliyopita? Kwa sababu ya Beit el Ajaib. Tarehe 25 Disemba 2020 upande mzima wa jumba lile, na mnara wake, ulianguka mchana kweupe, na watu wawili wakafariki. Jumba la Sultan Barghash, la mwaka 1883, katika mji ulioingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia tangu 2000. Na lilianguka likiwa mikononi mwa mafundi, linatengenezwa. Siku ile nilisikia watu wazima wanalia Forodhani. Hapo nikajua kwamba kuorodheshwa hakuzuii kitu kuanguka. Mawe ya matumbawe na chokaa hayasomi orodha. Yakinywa maji ya masika mingi, yanarudi kuwa mchanga.

Lakini Beit el Ajaib ina picha zisizohesabika, ina vipimo, na wanaojua kujenga kwa chokaa bado wapo. Majestic nayo, likiharibika zege, zege litamwagwa jengine. Kuna kitu hakina vipimo. Wanawake saba walikuwa wakitoka pamoja na mama yangu kila siku ya wanawake. Amebaki mmoja, na yeye sasa ananiita kwa jina la mama. Katika wasichana tuliokuwa tukishika ncha za mabuibui, tumebaki wanne. Aliyekuwa akitufasiria Kihindi alifariki mwaka juzi, na nilipokwenda matangani nilikaa nikafikiri: hakuna hata dakika moja ya sauti yake iliyohifadhiwa pahala popote.

Najua mtaniambia utafiti umefanywa. Umefanywa, na namshukuru aliyeufanya. Laura Fair, mwanahistoria wa Kimarekani, alikaa na wazee wetu miaka, akawasikiliza, na mwaka 2018 kikatoka kitabu kizima juu ya sinema za miji ya Tanzania na watu waliozijaza. Kwa Kiingereza. Mjukuu wangu alinisomea kurasa chache akinifasiria, na ikawa kama ile safu ya zamani, mimi namuuliza, "Kasemaje? Kasemaje?" Nilicheka, kisha nikaona haya kidogo. Mgeni amevuka bahari kuja kutuuliza, nasi tunaokaa mwendo wa dakika kumi kutoka Vuga hatujaulizana. Kwenye Nyaraka za Taifa kule Kilimani yamo mafaili ya serikali ya kikoloni, na serikali ile iliandika kila kitu, ila haikumuuliza fundi charahani alichora nini gizani.

Sasa maombi. Sitakuombeni fedha, msishtuke.

Kila mradi unaosikika mjini humu siku hizi huanza na neno "mtalii". Sina chuki na mtalii. Mwanangu wa pili anakula kwa mtalii, na mimi nakula kwa mwanangu. Lakini nimeshaona majumba ya mji huu yanavyofufuliwa: yanapakwa rangi nzuri, yanawekewa mgahawa wa kahawa juu, picha za zamani za kutundikwa ukutani, na mlangoni anakaa kijana mwenye suti anayekuangalia miguu kwanza. Tulizaliwa ndani ya mji huu na pana milango hatuijui upande wake wa ndani. Majestic ikiamka namna hiyo, bora mngeiacha ilale.

Kwa hiyo siku milango ya Majestic itakapofunguliwa, kwa mkono wa yeyote, naomba liandikwe kwenye mkataba, kwa wino, kwamba iko siku ya wanawake. Onyesho moja kwa wiki, la mchana, mwanamme haingii. Mkataka kuonyesha picha za Kihindi, za Misri, za vijana wetu wenyewe, shauri yenu, sisi tutazikosoa zote. Zanzibar ina tamasha lake la filamu tangu 1998 na twalifurahia, lakini tamasha ni la siku chache za mwaka, usiku, Ngome Kongwe, na mwenye watoto wadogo hatoki usiku.

Tiketi ya viti vya mbele naomba isizidi bei ya bakuli moja la urojo. Natumia kipimo cha urojo kwa makusudi. Bei mkiiandika kwa shilingi, mwaka wa tatu haina maana tena. Urojo unajua hali ya mji kuliko benki. Urojo ukipanda, tiketi nayo ipande, hatutalalamika. Na viti vya juu wauzieni wageni kwa bei mnayoitaka, kama zamani, juu ilipe ya chini.

Choo cha wanawake kiwe na taa, maji na kitasa. Najua wachoraji hawapendi kuzungumza vyoo. Mwanamke mwenye watoto watatu hupima jengo kwa choo chake, na asiporidhika harudi, wala hatakuandikieni barua.

Na kabla ya hayo yote, kabla ya jukwaa la mafundi na kabla ya rangi, tumeni mtu mwenye simu inayorikodi sauti. Si lazima awe daktari wa chuo kikuu. Mwanafunzi wa skuli anatosha, msichana ikiwezekana, kwa sababu mengine hatutamwambia mvulana. Apite Kikwajuni, Miembeni, Vikokotoni, Malindi, akae na mabibi, aulize: ulikaa kiti gani, ulivaa nini, ulirudi na nani, njiani mlizungumza nini. Wazungumze wenyewe, kwa Kiswahili chetu, na sauti hizo zisikike palepale, ukumbini, watu wanaposubiri taa zizimwe. Karatasi za mama yangu nitakupeni, zote kumi na nne, kwa sharti kwamba zitawekwa kwenye kioo na chini yake liandikwe jina lake kamili, na kwamba alikuwa fundi. Msiandike "mama wa nyumbani". Alikuwa na charahani, na ililipa kodi ya nyumba.

Nilimwambia shoga yangu wa Miembeni kwamba naandika barua hii. Akaniuliza kama nimesema habari ya yule mtoto aliyezaliwa ukumbini. Nikamwambia sijasema, kwa sababu mimi sikuwapo siku hiyo, na sitaki kueleza nisilolishuhudia. Akasema, "Basi wambie waje kwangu. Mie nilishika taa."

Mkimtuma huyo msichana, aanze kwake. Aende alasiri. Asubuhi huwa kliniki ya presha, na siku za Ijumaa hapokei mtu mpaka apate chakula cha mchana. Asichelewe sana, maana anatimiza miaka 80 mfungo tatu huu.

Wenu mtiifu,

Binti wa fundi charahani,
Kikwajuni, Unguja